Dative na Motere ya Kwenda Kirotshe

Watu wa Keshero, mutaa wetu hapa Goma, wanapenda kusema kwamba ni mimi niliyeiharibu motere ya Dative. Wanalisema hilo mbele ya meza yangu, mukate wangu ukiwa mudomoni mwao, bila hata haya. Basi leo nitaeleza mambo jinsi yalivyokuwa, na mutu akirudi kunitania baada ya hapa, tutagombana.

Mimi naitwa Mama Daniella. Nauza initi, salio la simu, na mikate ya kukaanga chini ya parasoli, pale njia inaposhuka ziwani. Dative ni jirani yangu. Nyumba yake na yangu zimeegemeana mbao kwa mbao, na akipiga chafya mimi namutakia afya nikiwa jikoni kwangu. Ni mwanamuke mufupi, mikono minene, maneno machache. Akinyamaza usifikiri amekubali. Marehemu bwana yake, Habiyaremye, aliniambia siku moja: "Mama Daniella, muke wangu akisema hapana, unaweza kubishana naye. Akinyamaza, tafuta kazi ingine." Wakati ule nilicheka tu.

Huyo Habiyaremye alikuwa na mutumbwi murefu wa mbao, na motere ya kufunga nyuma ambayo aliinunua ikiwa tayari muzee. Rangi ilikuwa imekwisha, kifuniko kimefungwa kwa mupira wa baisikeli. Alibeba ndizi, makala ya kupikia na watu kati ya Goma na vijiji vya ng'ambo, upande wa Masisi. Alipokufa, mutumbwi ulivutwa juu ya mawe, na motere ikaingizwa nyumbani, ikavikwa shuka, ikasimamishwa nyuma ya mulango. Kila tulipoingia kumusalimia Dative tuliigonga na magoti. Mudogo wake wa kiume, Benny, anayekaa mutaa wa Katoyi, alisema iuzwe kama vyuma vikuukuu. Dative alinyamaza, na motere ikabaki pale pale.

Sasa, mama yao. Mama Pascasie alikuwa mwanamuke wa Kirotshe, kule ng'ambo, mukali, mwenye ulimi wa kukata kamba. Alianguka mu shamba lake la ndizi, mufupa wa nyonga ukavunjika, watoto wakamuleta Goma. Huku daktari alisema ukweli: kwa umri wake mufupa hautaunga tena, wamutunze nyumbani, wamupe dawa ya maumivu. Basi akalala kwa Dative, kwenye mukeka karibu na dirisha. Mwanzo alikuwa anatukana watu wote vizuri. Halafu chakula kikaanza kumushinda, na matusi nayo yakapungua. Hapo ndipo tuliogopa.

Asubuhi moja Dative alikuwa anamuosha, mimi nimeshika beseni. Mama akasema: "Dative, unirudishe kwangu."

"Upone kwanza, mama."

"Sitapona, na wewe unajua. Sitaki munizike hapa mu mawe. Niliona vile walimuzika ule jirani yenu. Wanaume wanapiga nyundo tangu asubuhi, kama vile wanavunja nyumba ya mutu. Na tena sitaki kufika kwangu nimefunikwa uso. Nataka niione nyumba yangu mimi mwenyewe, na haya macho yangu."

Mutu wa Goma anaelewa. Muji wetu umekaa juu ya moto wa mulima uliopoa. Ukitaka kuchimba choo, ni nyundo na chuma. Ukitaka kuchimba kaburi, ni hivyo hivyo, na udongo wa kufunikia pengine unaletwa kutoka mbali. Sisi tumezoea. Mama Pascasie alikuwa amelima maisha yake yote kwenye udongo mweusi ambao jembe linaingia bila kusukumwa, na hakuona kwa nini azoee mawe leo.

Benny alijaribu barabara. Alitafuta gari la rafiki yake, wakamulaza nyuma kwenye godoro. Hawakufika hata mwisho wa Keshero. Kwenye shimo la kwanza mama alipiga kelele mpaka watu wakatoka nyumbani, na Benny akageuza gari akiwa analia. Barabara ya Sake inayoenda kwao ina mashimo mengi kuliko hayo, na marefu zaidi. Ikabaki njia ya maji, maana maji hayana mashimo.

Lakini wenye mitumbwi wa pale kwetu wana sheria yao. Mutu akifia ndani ya mutumbwi, mutumbwi unavutwa nchi kavu, unapumzishwa, hadi sala ifanyike na familia ikubali. Na hata ukirudi majini, abiria wanauangalia kwa pembeni. Dative alipita kwa wote, mumoja mumoja. Waliangalia chini, wakauliza: "Anakula?"

"Kidogo."

"Anaongea?"

"Anaongea."

"Mama, utusamehe."

Sikuwatukana. Lakini siku zile, kila muvuvi aliyekuja kwenye meza yangu alikuta mikate imekwisha, hata kama alikuwa anaiona kwenye kikapo.

Dative alirudi nyumbani, hakusema kitu. Nikasikia shuka linavutwa nyuma ya mulango. Nikachungulia kati ya mbao na kumuona amepiga magoti mbele ya motere ya bwana yake, anaipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa. Nikaacha sufuria yangu kwenye moto na kwenda kwake.

"Utafanya nini na hii maiti?" nikamuuliza.

"Itamupeleka mama."

"Unajua kuitengeneza?"

"Nilikuwa nashikia Habiyaremye sahani."

Hiyo sahani ndiyo ilikuwa shule yake. Habiyaremye alikuwa anafungulia motere nje, na pale nje kwetu sikurufu ikianguka kati ya mawe ya volkano, uiage tu, hutaiona tena. Kwa hiyo miaka yote Dative alikaa karibu yake ameshika sahani, anapokea kila sikurufu, anajua ipi ilitoka wapi na itarudi wapi. Hakuna mutu aliyemufundisha, na hakuna aliyemukataza kutazama.

Tukaifunga kwenye ubao. Akaweka esansi mupya, petroli ya motere, akavuta kamba: kimya. Akavuta tena hadi jasho likamutoka: kimya. Akafungua buji, ule musumari unaowasha moto ndani, akaunusa. Ulikuwa umelowa.

"Esansi inafika," alisema. "Moto njo hakuna."

Akaegemeza buji kwenye chuma cha motere, akaniambia nivute kamba. Nilivuta, tukaangalia ile ncha. Hata cheche ya kuwashia sigara haikutoka. Basi ugonjwa ulikuwa kule ndani, chini ya lile gurudumu zito la juu linaloitwa volani. Chini yake kuna platini: midomo miwili midogo ya chuma inayofunguka na kufungana wakati motere inazunguka, na kila ikifunguka ndipo moto unaruka kwenye buji. Midomo ikioza, hakuna moto. Mimi leo naeleza kama mutu wa kazi hiyo, lakini siku ile nilikuwa najua mikate tu.

Volani ilikataa kutoka. Kutu ilikuwa imeishika. Dative aligonga, akabembeleza, akagonga, mpaka mama akasema kutoka ndani kwamba kama tunataka kumuua tumuue kwa kitu laini. Basi tukapakia motere juu ya chukudu ya jirani, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, tukaisukuma hadi mutaa wa Mapendo kwa Rémy, fundi wa pikipiki, mwenye kile chuma cha kung'olea magurudumu ya namna ile. Rémy alikuwa amezungukwa na pikipiki kila upande. Akasema: "Mama, acha hapa, upite wiki kesho."

"Nitangojea," Dative alisema, akaketi juu ya motere yake.

Alikaa hapo kama mutu aliyekuja kusuka nywele. Wateja wakawa wanamuruka miguu. Rémy alivumilia, alivumilia, mwisho akacheka na kuchukua kile chuma chake. Volani ikatoka kwa sauti ya mufupa. Rémy aliinama kuangalia ndani mara moja tu, Dative akaifunika kwa kitambaa.

"Aksanti, papa. Ingine nitaifanya mwenyewe."

"Mama, platini zimeoza pale."

"Nimeona."

Nyumbani tuliiweka karibu na mulango ili mama naye aone kazi. Ndani kulikuwa na kutu, nyumba ya buibui, na waya uliotafunwa na panya. Dative alisafisha kila kitu kwa esansi na kitambaa, akabadilisha waya, akasugua midomo ya platini na karatasi ya kusugulia, polepole, akipuliza, akisugua tena. Mama Pascasie alilala upande, anatazama. "Sugua na huku," alikuwa anasema, utafikiri alizaliwa mu gereji. Siku ile alikula uji wote.

Ikabaki jambo moja. Midomo ile ikifunguka, lazima iachane kwa nafasi ndogo sana, si zaidi, si pungufu. Mafundi wa kweli wana vibati vya kupimia. Habiyaremye, na wavuvi wote wa umri wake, walikuwa wanapima kwa karte ya initi, ile ya kukwangua namba: unaingiza karte katikati, unakaza sikurufu hadi midomo iishike bila kuibana, halafu unaichomoa. Dative alijua hivyo kwa sababu alikuwa anaona. Akapanda hadi kwenye meza yangu, akasema: "Nipe karte."

Nikamupa. Hapo ndipo wanaposhikia mashitaka yao. Mutu ameomba karte, ninauza karte, nikamupa karte. Ningempa nini, kitunguu? Siku hizi karibu kila mutu anatumiwa initi kwa simu, lakini mimi bado naweka karte chache kwa ajili ya wazee, na nilimutolea mupya kabisa.

Akapima, akakaza, akafunika. Tulipojaribu buji, cheche ikaruka. Tukaifunga motere kwenye pipa lililojaa maji, Dative akavuta kamba, na ikanguruma. Moshi ulijaa uwanja wote, watoto wa jirani wakaja mbio, na mimi nilipiga makofi hadi mikono ikawaka. Ndani, mama alikuwa anakohoa na kucheka pamoja.

Benny alikuja jioni ile, akaikuta inanguruma. Hakucheka. Ni mutu muzuri, Benny, lakini mwoga wa maji tangu utoto. Akamwambia dada yake mukubwa: "Yaya, inaweza kunguruma mu pipa siku nzima, ile haionyeshi kitu. Ikizima katikati ya ziwa na mama ndani, utafanya je?"

"Haitazima."

"Basi ujaribu na muzigo kwanza. Bila ile, mama sitamubeba hata mimi."

Nilitaka kumukemea, lakini Dative alikubali kwa kichwa. Benny alikuwa na haki. Kesho yake tukateremsha mutumbwi, tukaujaza mifuko ya muchanga, na majirani wawili wanene wakaingia kwa hiari yao. Motere ikawaka. Ikasukuma vizuri mpaka watu wa ufukweni wakaanza kuwa wadogo. Halafu ikaanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikazima. Dative akavuta kamba, hakuna kitu. Akangojea ipoe, akavuta, ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima tena. Tulirudi kwa kasia mbele ya wale wale wenye mitumbwi waliokuwa wamekaa wanatungojea kama watu wa mupira.

Dative aliifungua tena. Midomo ya platini ilikuwa imeungua nyeusi na karibu inagusana. Akasugua upya, akapima upya kwa karte ile ile, akafunga. Tukarudi majini. Ikatufanyia yale yale. Siku ile mama alikataa uji. Alikunywa maji ya kijiko tu, na alipolala mudomo wake ulibaki wazi. Benny alikaa karibu yake, akamwambia dada yake kwa upole: "Yaya, umefanya yote. Tumuache apumzike hapa. Mungu iko na hapa pia."

Dative akanyamaza. Niliangalia ule unyamavu wake, na kwa mara ya kwanza nikauogopa, kwa sababu sikuona kazi ingine iliyobaki. Nilirudi nyumbani kwangu nikalia, nasema wazi. Nilikuwa nampenda yule mama muzee na matusi yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Asubuhi iliyofuata nipo kwenye meza yangu, anakuja mwanaume mumoja, jina sitalitaja ila anajijua, ana mutumbwi wa buluu. Anachukua mukate, anacheka: "Mama Daniella, inaonekana ulimuuzia Dative initi kidogo, njo maana motere inakatika katikati ya maneno." Watu wote wakacheka. Damu ikanipanda. Kwenye sanduku langu la kuuzia, mbele, nilikuwa nimebandika karte moja ya zamani sana, tangu siku nilipoanza biashara, ili wateja wajue ninachouza. Nikaibandua kwa hasira nimuonyeshe: "Unaona hii? Karte nauza tangu wewe bado unaogeshwa na mama yako, na hakuna hata moja—"

Sikumaliza. Karte ilikuwa mukononi mwangu, na ilikuwa ngumu. Nikachukua mupya kwa mukono wa pili. Ile mupya ilipinda kama jani la kitunguu. Ile ya zamani ilikataa kupinda. Ilikuwa nene kama ukucha wa kidole gumba. Karte za siku hizi wanazikata karatasi nyembamba, na hakuna aliyetuambia, maana nani hupima motere kwa karte leo, isipokuwa mujane wa Habiyaremye?

Niliacha meza, parasoli, kila kitu. Aliyekula mikate yangu siku ile anajijua naye. Nikashuka mbio nikiwa nimeshika ndara mukononi, nikamukuta Dative amekaa mbele ya motere iliyofunguliwa, ameinamisha kichwa.

"Shika," nikamwambia. "Hii na hii."

Akazishika, moja kila mukono. Akazipinda. Akafumba macho, akazisugua kwa vidole kama mutu anayechagua kitambaa cha kikwembe sokoni. Kisha akaitupa ile mupya.

"Ile nyembamba njo ilituponza," alisema. "Midomo ilikuwa karibu sana. Ikipata moto kidogo inafungana, haiachi tena."

Alisafisha ile karte kwa esansi hadi gundi yote ikatoka. Akasugua platini mara ya mwisho, akapima kwa karte nene, akakaza, akapitisha kitambaa safi katikati ili pasibaki uchafu. Nilipovuta kamba, cheche iliyotoka kwenye buji ilikuwa nene na ya buluu, na ililia tap, tap, hadi nikaruka nyuma. Nilijua imepona kabla hata hatujafika majini.

Tukarudisha mifuko ya muchanga. Wale majirani wanene walikataa safari hiyo, basi tukaongeza mifuko. Dative alienda hadi kule mbele ya kijiji cha Nzulo na kurudi, na motere haikukohoa hata mara moja. Aliporudi, hakupunguza mwendo hadi alipokuwa karibu kabisa na wale wanaume waliokaa ufukweni. Maji yaliwafikia, wakainua miguu. Benny alikuwa amesimama nyuma yao. Akamungojea dada yake ashuke, akasema: "Mimi nitakaa mbele na kasia. Kama itazima, nitavuta mpaka kule."

"Haitazima," Dative alisema. "Lakini kuja na kasia."

Tuliondoka asubuhi, maji yakiwa bado yamelala. Benny na vijana wa jirani walimuteremsha mama kwenye kiti cha plastiki, tukamulaza kwenye godoro katikati ya mutumbwi, kichwa chake juu ya magoti yangu. Alikuwa mwepesi, inauma kusema. Dative alivuta kamba mara moja tu. Wale wenye mitumbwi walikuwa wamesimama, na mumoja wao akavua kofia. Mama Pascasie akamuona, akaniuliza: "Yule anavua kofia, mimi nimekufa?"

"Bado, mama."

"Aivae basi. Jua litamupiga."

Katikati ya ziwa upepo ulianza, maji yakawa yanarukia ndani. Motere ikajikwaa mara moja, sauti ikapungua. Benny akashika kasia kwa mikono miwili. Dative aliweka kiganja chake juu ya kifuniko, hakugusa kitu kingine, na motere ikajirekebisha, ikaendelea.

Lakini mama alikuwa anabadilika. Kucha zake ziligeuka rangi, na pumzi ilikuwa inakuja, inachelewa, inakuja. Nikainua macho nikamutazama Dative. Alielewa. Akafungua moto wote, mutumbwi ukainua pua.

"Usiniangalie mimi," akapiga sauti juu ya kelele. "Ongea naye! Asilale!"

Niongee nini? Nikaanza kumutajia kila kilima tulichopita, na mimi ng'ambo ile siijui kabisa. Nikasema: "Mama, ona Kirotshe ile pale." Akafungua jicho moja: "Ile ni Nzulo. Wewe, ulizaliwa wapi?" Nikataja kingine, nacho kikawa si chenyewe. Nilipoona kwamba makosa yangu yanamuamsha, niliongeza makosa. Nilisema kilima ni kanisa, na kanisa ni soko. Kila mara alikuwa anarudi kutoka mbali ili anisahihishe, na kila mara alirudi na sauti ndogo zaidi. Mbele yangu mabega ya Benny yalikuwa yanatetemeka. Nyuma yangu motere ilikuwa inalia sauti ile ile moja, haipandi, haishuki, na nilimushukuru Mungu kwa ajili ya kila mukwaruzo aliousugua yule mwanamuke.

Tukaingia ndani ya ghuba, maji yakatulia. Nyumba zikaanza kuonekana, bati zinang'aa juu ya mulima. Sikujua ipi ni ya kwake, basi safari hii nikanyamaza. Mama mwenyewe ndiye aliyeinua kichwa kutoka kwenye magoti yangu. Sijui alitoa wapi nguvu. Aliitazama nchi kavu kwa macho yote mawili, kwa muda, uso umekunjamana kama zamani, na akasema maneno yake kwa sauti kavu. Kisha akarudisha kichwa chake kwenye magoti yangu, akatoa pumzi, na nikangojea ingine. Nilingojea sana. Haikuja.

Nilimufumba macho taratibu na kuacha mukono wangu pale. Dative alikuwa anatazama mbele, midomo imekazwa. Najua aliona, kwa sababu machozi yalianza kumushuka mpaka shingoni, lakini mukono wake haukupunguza moto hata kidogo. Alimupeleka mama yake mwendo ule ule hadi mbao zikagusa muchanga. Ndipo akazima.

Benny aligeuka, akaona, akaficha uso wake mikononi. Dative akaniuliza: "Aliiona?"

"Aliiona. Aliinua kichwa mwenyewe."

"Nilimuona akisema kitu. Motere ilinizuia kusikia."

"Aliuliza," nikamwambia, nikainua kidole kuelekea kilimani. "Aliuliza ni mujinga gani ameacha mbuzi ziingie mu ndizi zake."

Dative akainua uso. Kule juu, kando ya nyumba ndogo ya bati, mbuzi watatu walikuwa wamesimama kati ya migomba, wanatafuna machipukizi bila wasiwasi. Akawatazama. Alipanguza mikono yenye oili kwenye kikwembe chake, akashuka majini hadi magotini, akalichukua kasia miguuni pa Benny, na akapanda kile kilima peke yake, haraka haraka, analia kwa sauti. Aliwafukuza mbuzi wale hadi wa mwisho akatoka, akaurudisha ugo wa miti uliokuwa umeanguka mahali pake na kuufunga. Halafu akateremka kumuchukua mama yake.